Miezi Niliyokatazwa Kupuliza

Mtu wa kwanza kuugundua ugonjwa wangu alikuwa Saidi, na aliugundua kwa masikio. Tulikuwa kwenye harusi moja Kihonda, Morogoro, sisi watu wa matarumbeta, tumesimama juu ya pikapu tukiongoza msafara wa maharusi. Mimi nilishika tarumbeta la kwanza na yeye la pili, kama tulivyozoea kwa miaka mingi. Wimbo ulipofika kule juu, pale ambapo mimi hupanda peke yangu na wenzangu wakanisubiri, sauti yangu ilitoka na upepo pembeni, kama mpira wa maji uliotoboka. Saidi akanigeukia. Tuliposhuka ndipo akaniuliza, "Kaka Fidelis, meno yako yamefanya nini?"

Nilijitazama kwenye kioo cha pembeni cha lile pikapu. Meno yangu mawili ya mbele, ya juu, ambayo tangu ujana yalikaa yamebanana, yalikuwa yameachana. Moja lilikuwa limeshuka kuliko mwenzake na kusogea mbele kidogo. Nililisukuma kwa ulimi, likacheza.

Naandika haya sasa, yale mabaya yakiwa yamepita, kwa sababu wakati ule nilimtafuta mtu aliyepita njia hii aniambie ikoje, nikamkosa. Karibu kila niliyemuuliza alinijibu neno moja tu: ng'oa. Mambo ya kidaktari nawaachia madaktari. Mimi nitasema niliyoyaona nikiwa kwenye benchi la kusubiri, na nikiwa nimelala chali kwenye kile kiti chao.

Kwetu ni Mgeta, huko juu Uluguru. Kupuliza nilijifunza kwenye bendi ya misheni, na nilipoteremka Morogoro mjini kutafuta maisha, nilikuja na kazi mbili mkononi. Siku za kawaida nauza sokoni karoti na kabichi zinazoshuka kutoka kwetu. Jumamosi napiga harusi. Mke wangu Skola hupenda kuwaambia watu kwamba yeye aliolewa na Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi ni ya wenyewe.

Vuli ile nilianza kuishi na mkono mdomoni. Nikiongea na mteja, mkono uko mdomoni. Nikicheka, nacheka nimefumba. Muuza karoti huwa anaivunja moja na kuitafuna mbele ya mteja ili asikie inavyolia. Mimi nikawa nawaachia wajaribu wenyewe. Damu nilikuwa naitema kila nikipiga mswaki tangu zamani, nikadhani ndivyo ilivyo kwa watu wote. Halafu ikaja harufu. Mwenyewe huisikii sawasawa, unaijua kwa watu. Mimi niliijua kwa Skola, alipoanza kulala ameelekea ukutani. Hakuwahi kusema neno, wala mimi sikuuliza.

Kitu kimoja nataka kila msomaji akishike: huu ugonjwa hauumi. Pale hospitali ya meno Morogoro, wengine wote waliokaa kwenye benchi walikuwa wameshika mashavu, wengine wanalia kwa ndani. Mimi peke yangu nilikaa kama mtu aliyesindikiza mgonjwa. Nilikaribia kuondoka, nikijiambia nawazibia nafasi wenye shida.

Daktari alikuwa dada wa rika la binti yangu. Aliniamkia shikamoo, akanilaza, akaanza kupima kati ya jino na fizi kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama, huku akimtajia muuguzi namba za kina cha shimo. Kwenye meno ya nyuma namba zilikuwa ndogo. Alipofika mbele zikapanda, na sauti yake ikashuka. Aliniambia mfupa unaoyashika yale meno umeliwa, na usipozuiwa utaendelea kuliwa. Nikamwambia mimi ni mpiga tarumbeta. Akasema kung'oa ni jambo la mwisho. Tuanze na kusafisha.

Kwaresima nzima ilikuwa ya kusafishwa. Walisafisha chini ya fizi, upande mmoja halafu mwingine, kwa ganzi, na kila nikirudi nyumbani mdomo ulikuwa kama si wangu. Fizi zilipopona zilirudi juu, na meno yakaonekana marefu. Upepo wa asubuhi unaoshuka mlimani uliyachoma. Nilijitazama nikamwona marehemu babu yangu. Lakini usiku mmoja wa Juma Kuu, Skola aligeuka kutoka ukutani akalala amenielekea, akapitiwa na usingizi pumzi yake ikinigusa. Nilikaa vile vile bila kujitikisa, nisije nikamwamsha.

Harufu ilikwisha, damu ilikwisha, ila yale meno mawili yaliendelea kucheza. Yule dada akaniambia ugonjwa umetulia lakini shimo limebaki, na kwamba Dar es Salaam yupo mtaalamu wa fizi anayeweza kujaribu kuuotesha mfupa upya. Alisema "kujaribu". Mimi nilisikia "kuotesha".

Masika yakiwa yamechanganya, nikapanda treni. Siti ya pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo kutoka Kingolwira, Bi Mwanaidi. Kumbe tulikuwa tunaenda kwa daktari yule yule; yeye gego lake ndilo lililokuwa limelegea. Huwezi kujua ni raha gani kuongea na mtu ambaye naye anaweka mkono mdomoni. Tulipofika Dar tulikuwa tumeshaambiana mambo ambayo hata ndugu zetu hawakuyajua. Alinieleza kwamba anayoota kuyala tena ni mahindi ya kuchoma. Si mengine, ya kuchoma tu.

Kwenye chumba cha kusubiri palikuwa na feni isiyopoza na televisheni iliyozimwa sauti. Daktari, mtu mrefu mwenye mvi chache, alituita mmoja mmoja, lakini Bi Mwanaidi aliniomba niingie naye kwa kuwa alikuwa na swali lililompa shida kuuliza peke yake. Alisikia kwamba hivyo vitu wanavyopandikiza hutoka kwa mnyama. Mnyama gani?

Daktari hakucheka. Alimwambia ziko aina kadhaa. Upo unga unaotokana na mfupa wa ng'ombe, na upo ambao unatengenezwa kiwandani moja kwa moja, hauna mnyama ndani yake. Utando wa kufunika pia zipo aina zinazotoka kwa nguruwe, yeye kwa wagonjwa Waislamu hazitumii, na kisanduku chenyewe atamwonyesha kabla ya kukifungua. Bi Mwanaidi alishusha pumzi. "Basi niwekee ule usio na mtu ndani yake," alisema, na hapo ndipo sote watatu tulipocheka.

Zamu yangu ilipofika, alinionyesha picha ya eksirei. Penye mfupa palikuwa peupe, na pembeni ya jino langu palikuwa na weusi uliochimbika kama korongo. Alisema atafungua fizi, atasafisha, atajaza zile chembechembe, atafunika kwa utando ambao utayeyuka wenyewe. "Mimi sikuwekei mfupa," alisema. "Nakuwekea pa kupandia. Atakayepanda ni mfupa wako mwenyewe, na unapanda polepole." Nikafikiria miti tunayochomeka kule kwetu ili njegere zipate pa kushika, nikamwelewa kabisa.

Kisha akasema lile jambo. Tarumbeta lisiguse mdomo. Chuma kile kikikandamiza meno, na upepo ukisukuma kwa ndani, kila kitu kitahama kabla hakijashika. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka picha ituambie, lakini nisitegemee kabla ya mwaka kugeuka.

Binti yangu Adelina alikuwa anaolewa mwezi wa tisa.

Adelina ndiye mtoto wetu pekee. Tangu akiwa mdogo nilimwambia siku atakayotoka kwangu, sitampa mtu mwingine ampigie. Upo wimbo ambao bibi yake, mama wa Skola, alikuwa akiuimba akipalilia shambani, wimbo wa Kiluguru wa kumuaga mwali. Nilikuwa nimeutengeneza kwa tarumbeta taratibu, kwa miaka, nikiubadilisha hapa na pale. Nilikuwa sijaupiga kwenye harusi ya mtu yeyote.

Niliporudi Morogoro niliomba harusi isogezwe. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wa Adelina ni Benedikti, kaka yake Skola, mkulima wa huko Mgeta, mtu asiyepoteza maneno. Alishuka siku ya gulio, akakaa sebuleni kwangu na kofia yake gotini, akanisikiliza mpaka mwisho. Alisema wazee wameshakubaliana, paroko ameshapanga tarehe, na bwana harusi amepata ruhusa kazini kwa tarehe hiyo. Kisha akasema, "Shemeji, mtoto haolewi na tarumbeta."

Nilimtazama Skola aniunge mkono. Akasema kaka yake ana haki.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko sindano yoyote. Tulikula kwa kimya. Skola aliniambia nimefanya harusi ya mtoto iwe yangu. Nikamjibu kwamba yeye hajui kunyimwa pumzi kukoje. Tulisemezana mambo ambayo watu waliokaa pamoja muda mrefu ndio wanajua pa kuyachomeka. Nilimpigia simu daktari nikamuuliza kama naweza kusubiri, nipige harusi kwanza, ndipo anifungue. Hakunikataza. Aliniambia, "Baba, kumpigia unaweza. Ila meno hayo huenda usirudi nayo nyumbani."

Aliyekata shauri ni Adelina mwenyewe. Alikuja sokoni mchana mmoja, akaanza kunisaidia kupanga karoti kama alivyokuwa akifanya akitoka shule. Nilitegemea atanibembeleza, aniambie wimbo si kitu. Hakufanya hivyo. "Baba, nilitaka unipigie," alisema. "Siwezi kukudanganya. Lakini nenda ukafanyiwe." Akaendelea kupanga karoti, kubwa chini, ndogo juu, mpaka meza ikajaa.

Nilifanyiwa mwanzoni mwa kiangazi. Ganzi iliponishika nilisikia sauti tu: kukwaruza, maji, kile kibomba cha kunyonya mate. Kwenye miwani ya daktari niliona kinywa changu kimefunguliwa, nikafumba macho. Aliloweka zile chembechembe kwa damu yangu mwenyewe, akazijaza kidogo kidogo. Utando aliukata kwa mkasi, akaupima, akaukata tena, kama fundi nguo anayetafuta kiraka kikae. Halafu nyuzi. Niliporudi kwenye treni uso ulikuwa umevimba hadi chini ya jicho, na mtoto wa siti ya mbele alinikodolea macho safari nzima.

Sasa ndipo kusubiri kulipoanza. Nilikula uji, mtori, ndizi za kupondwa. Mswaki usipite pale, dawa ya kusukutua tu. Nisinyonye kwa mrija, nisipige chafya kwa kubana, nisipulize hata jiko la mkaa. Hilo la jiko lilinichekesha, kisha likanitesa. Hujui mtu anapuliza mara ngapi kwa siku mpaka akatazwe. Chai ya moto nilikuwa naiacha ipoe yenyewe, nikiitazama.

Tarumbeta lilikuwa juu ya kabati. Sikuligusa, lakini vidole havikukatazwa, na vilikuwa vinacheza vyenyewe: juu ya meza ya karoti, juu ya goti kanisani, juu ya bega la Skola akiwa amelala. Jumamosi nilikuwa nasikia matarumbeta yakipita barabara kuu, nayajua ni ya akina Saidi, na kifua kilikuwa kinavuta hewa nyingi bila kuniuliza, halafu hewa haina pa kwenda. Nimewahi kufiwa na wazazi wangu wote wawili. Hamu ile ilikuwa inakaa mahali pale pale wanapokaa wao.

Asubuhi moja nilimkuta Skola amekaa kibarazani, tarumbeta liko mapajani, analifuta kwa kitambaa cha zamani na kutia mafuta zile pini zinazobonyezwa kwa vidole. Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kulishika isipokuwa kulihamisha. "Litaganda," alisema bila kuinua uso. Nikakaa karibu yake. Tangu siku hiyo tulianza kula tukiongea.

Mwezi wa tisa ulikuja na jua kali. Nilivaa suti, nikamtembeza Adelina mpaka altareni, na tabasamu langu lilikuwa la mdomo uliofumbwa. Tulipotoka kanisani, Saidi alikuwa amesimama juu ya pikapu na tarumbeta la kwanza. Mimi ndiye niliyemfundisha ule wimbo, kwa kumwimbia kwa sauti ndogo uani kwangu, jioni baada ya jioni. Aliupiga. Hakuniiga. Pale ambapo mimi ningepanda haraka, yeye alikaa, akaupumzisha, kisha akapanda. Ulikuwa mzuri, na uzuri wake uliniumiza. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma cha gari la wazazi, vidole vyangu vinakimbia juu ya goti. Skola akavifunika kwa kiganja chake, hakuvizuia, akaviacha vikimbie chini ya mkono wake.

Adelina akaondoka na mumewe Deo, ambaye ni mwalimu wa shule huko Kisaki, mbali upande wa reli ya Zambia. Nyumba ikawa na kimya cha aina mbili.

Vuli ilipokwisha na mwaka kugeuka, nilirudi Dar kupiga picha. Bi Mwanaidi naye alikuwepo. Gego lake halikushika, lilikuwa limeshang'olewa. Alinieleza hayo akiwa ametulia kuliko mimi niliyekuwa nasikiliza. Alisema upande wa pili umepona, mahindi ameyala, tena ya kuchoma, na kwamba Mungu humpa mtu kwa upande. Naliandika hili ili asije mtu akadhani nimesema kila pandikizi hukubali. Langu nalo lilikubali kwa nusu. Jino lililokuwa limeshuka, mfupa ulikuwa umepanda vizuri: pale penye korongo jeusi palikuwa na ukungu mweupe. La pili limepata kidogo, lakini ugonjwa haupo na halichezi. Daktari alilibana kwa vidole akalisukuma, kisha akaniambia nilisukume mwenyewe kwa ulimi. Nilisukuma. Likakaa. Machozi yalinitoka nikiwa bado nimelala, yakaingia masikioni.

Aliniruhusu kupuliza kwa dakika chache tu kila siku, sauti za chini, bila kukandamiza. Nilifika nyumbani nikaliweka tarumbeta mdomoni, na kilichotoka ni mlio wa mbuzi. Midomo ilikuwa imesahau. Pengo kati ya meno lilikuwa limebaki, na chuma kilikaa mahali pageni. Saidi alikuwa anakuja jioni tunapiga naye sauti za chini, kama wanafunzi. Siku moja aliniuliza lini nitarudi kwenye tarumbeta la kwanza. Nikamwambia akae nalo. Kule juu kabisa nilikokuwa napanda peke yangu, sipafiki tena, na sidhani kama nitapafika. Nikiwa juu ya pikapu na tarumbeta la pili, wimbo ukifika pale, mimi hushusha tarumbeta na kusikiliza.

Kama fizi zako zinatoa damu, usingoje maumivu, hayaji. Ukiambiwa ng'oa, uliza kwanza kama kuna la kufanya kabla ya hapo. Na kama halipo, basi ng'oa bila aibu. Mke au mume wako mwambie mapema. Na ukikatazwa kitu unachokipenda, usijifanye hukitamani. Mimi kujifanya ndiko kulikonichosha kuliko hamu yenyewe.

Masika yalipokatika na barabara kukauka, nilipanda basi la Kisaki, nikishikilia tarumbeta mapajani njia nzima. Adelina alikuwa mjamzito, miguu imejaa, anachagua mchele kwenye ungo chini ya upenu. Deo alikuwa bado shuleni. Tuliongea habari za nyumbani mpaka zikaisha. Kisha nikamwambia nataka kumpigia kitu, lakini asitegemee makubwa.

Niliupiga ule wimbo kwa sauti ya chini, polepole, nikiruka sehemu za juu. Mara mbili upepo ulinitoroka. Majirani wawili walisimama uani kwao wakasikiliza. Adelina aliacha kuchagua mchele tangu mwanzo, akabaki ameushika ungo kwa mikono yote miwili mpaka nilipomaliza.

"Kumbe hivi ndivyo ungenipigia siku ile," alisema.

Midomo ilikuwa imechoka, na dakika nilizoruhusiwa zilikuwa zimekwisha. Nikalifuta tarumbeta, nikaliweka chini kwenye mkeka. Naye akainamia ungo wake, akatoa chuya moja, akaitupa kando.

"Kesho utanipigia tena," alisema, na hakuwa ananiuliza.